Sir Jock wa Karen: cheo kilikwenda wapi, shamba lilikwenda wapi, na shemeji yako asitume hela tena

"Mwalimu shikamoo. Kwetu ni Mombasa ila kazi iko Nairobi, upande wa Karen, na huku kila mtu ana hadithi yake ya Sir Jock Delves Broughton, yule mzungu aliyeshtakiwa kumuua Lord Erroll 1941. Nimeanza kumsoma nikachanganyikiwa. Wengine wanasema alikuwa lodi, wengine baroneti. Wanasema alirithi kama eka 34,000 Uingereza halafu akauza karibu zote, mimi nilijua ardhi ya koo za kizungu haiuzwi. Mjukuu wake ni Isabella Blow yule mama wa fasheni, mtoto wa kwanza wa mwana wa Sir Jock, mbona cheo hakikwenda kwake? Ila kinachoniumiza zaidi ni shemeji yangu. Amepata mtu WhatsApp anamwambia kuna vyeo vya baroneti vimekosa warithi, ukilipa unaandikishwa na unapata na mgao wa shamba Uingereza. Ameshatuma hela mara moja na anataka kutuma tena. Inawezekana kweli? Nimwambie nini?"

Marahaba ndugu yangu. Naanza na shemeji, manake habari za 1941 zinaweza kusubiri lakini hela haisubiri. Haiwezekani kabisa. Cheo cha baroneti kikikosa mrithi kinakufa, hakirudi sokoni wala hakiwekwi kwenye kabati la mtu kingoje mteja. Tena tangu 1925 Uingereza ina sheria inayofanya biashara ya vyeo vya heshima kuwa kosa la jinai, anayeuza na anayenunua wote wawili. Na hilo la mgao wa shamba ndo uongo mkubwa zaidi, utaona huko chini kwa nini cheo hakiji na shamba. Mwambie asitume hata shilingi, asifute meseji hata moja, na ile hela ya kwanza aripoti leo hii kwa kampuni ya simu au benki aliyotumia, halafu aende kituo cha polisi na namba na risiti mkononi. Usimkemee mbele za watu. Wanaoingia kwenye mitego hii wengi ni watu wa akili zao, wananaswa kwa sababu hadithi imechanganywa na vitu vya kweli: baroneti wapo kweli, vyeo hufa kweli, na mashamba yale makubwa yalikuwepo kweli.

Sasa tuje kwa mzee mwenyewe. Jina lake kamili ni Sir Henry John Delves Broughton, alizaliwa Septemba 1883, "Jock" ni jina la utani. Alikuwa baroneti wa 11 wa ukoo wake. Hakuwa lodi. Baroneti anaitwa Sir na mkewe anaitwa Lady, ila hana kiti bungeni kwenye nyumba ya malodi, kisheria ni raia wa kawaida mwenye cheo cha kurithi. Watu wengi humchanganya na mtu aliyepewa Sir na mfalme kwa kazi yake, yule cheo chake kinaishia kaburini kwake, huyu cha kwake kinaenda kwa mwanawe.

Cheo chenyewe kilianza na shida ya hela. Mwaka 1611 mfalme James I alitaka wanajeshi wa kushika Ulster, kule Ireland kaskazini, na hazina ilikuwa imekauka, kwa hiyo akatangaza cheo kipya kwa wenye mashamba. Uwe na ardhi inayoingiza pauni 1,000 kwa mwaka, halafu ulipie askari 30 kwa miaka mitatu, peni 8 kwa siku kila mmoja, ukipiga hesabu inafika pauni 1,095. Kwa hiyo ukimwambia shemeji kwamba vyeo hivi havijawahi kuuzwa atakuonyesha historia na atakuwa sahihi. Vimeuzwa, lakini muuzaji alikuwa mfalme mwenyewe na ni miaka mia nne iliyopita.

Kila mara cheo kikitolewa kinaandikiwa hati ya mfalme, na ndani ya hati kuna sentensi inayosema kitarithiwa vipi. Kwa mabaroneti karibu wote wa Uingereza sentensi hiyo inasema kitakwenda kwa warithi wa kiume waliotokana na mwili wa yule wa kwanza kupewa. Maneno hayo machache ndo yanajibu karibu maswali yako yote. Wa kiume, kwa hiyo binti yuko nje. Waliotokana na mwili wake, kwa hiyo mtoto wa kulea yuko nje, na mume wa binti yuko nje. Na lazima awe mtoto wa ndoa. Halafu anayehesabiwa ni uzao wa yule wa kwanza kabisa, hawaangalii aliyefariki juzi alimpenda nani, ndo maana cheo kinaweza kuruka matawi matano kikaangukia mtu ambaye marehemu hajawahi hata kula naye.

Ukoo wa Sir Jock unaonyesha jambo hili vizuri sana, naomba nikae hapa kidogo manake watu wakifika kwake wanakimbilia bastola na magari wanaacha sehemu ninayoipenda. Jina lake lina koo mbili ndani yake. Akina Broughton walikuwa watu wa Staffordshire, na mwaka 1661 Brian Broughton akapewa ubaroneti na Charles II, aliyekuwa ndo kwanza karudi kwenye kiti cha enzi mwaka mmoja nyuma na vyeo vilikuwa vinagawiwa kwa wingi. Akina Delves walikuwa jirani zao wa Cheshire, kijiji cha Doddington karibu na mji wa Nantwich, na wao ni wa zamani zaidi: mmoja wa mababu zao, John Delves, alikuwa kati ya vijana wanne waliopigana pembeni ya Sir James Audley kwenye vita vya Poitiers, kule Ufaransa, mwaka 1356, na mnara wa mawe wa karne ya 14 bado umesimama Doddington na sanamu za Audley na vijana wake. Akina Delves nao walipata ubaroneti wao, 1621.

Mwaka 1727 akafariki Sir Thomas Delves, baroneti wa nne, hakuacha mtoto wa kiume. Ubaroneti wa Delves ukafa siku hiyo hiyo. Lakini alikuwa na binti, Elizabeth, ameolewa na Sir Brian Broughton baroneti wa tatu, na kupitia kwa huyo binti shamba la Doddington likaingia kwa akina Broughton. Mjukuu akaongeza jina la Delves ili jina la babu mzaa mama lisipotee pamoja na cheo. Unaona vilivyotawanyika? Cheo kilikufa kwa sababu hati ilidai mwanaume, ardhi ikapita kwa mwanamke kwa sababu ardhi haifuati hati ya mfalme, na jina likafuata ardhi. Vitu vitatu, kila kimoja na njia yake. Ukilishika hilo hakuna tapeli atakayekuuzia shamba kupitia cheo.

Baadaye Sir Thomas wa sita akaona mnara hautoshi akamwita msanifu Samuel Wyatt, kuanzia 1777 wakajenga Doddington Hall, jumba kubwa la mawe linalotazama ziwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja maisha yakawa ya kukusanya kodi za wakulima wapangaji, maana Cheshire ni nchi ya ng'ombe wa maziwa na jibini, na kipato kilikuwa kikubwa.

Sasa swali lako la ardhi kuuzwa, na hapa huna kosa, umesikia nusu ya habari. Zamani koo hizi zilifunga ardhi kwa hati maalumu. Wewe mtu wa Mombasa utaelewa haraka ukifikiria nyumba ya wakfu wa ukoo: unaishi ndani, kodi ya wapangaji unakula, ila kuuza huna ruhusa kwa sababu mwenye nyumba kihalisi ni kizazi kinachokuja. Walifanyaje? Kijana mkubwa akitimiza miaka 21 baba anamkalisha chini, anamwambia nitakupa posho nono kuanzia leo, wewe weka saini kwamba ukirithi utakuwa mtumiaji wa maisha yako tu na baada yako aje mwanao. Kijana wa miaka 21 anataka hela ya farasi na nguo, anaweka saini. Miaka ikipita na yeye anamfanyia mwanawe hivyo hivyo. Ndo jinsi mashamba yalivyokaa mikono ileile karne nzima bila kugawanyika, na ndo jinsi wadogo zao na dada zao walivyobaki na vipande vidogo vya hela, hilo nalo tuliseme.

Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya bei poa ya Marekani ikashusha kodi za mashamba mengi, na yule mwenye shamba akawa amefungwa mikono, hana hela ya kukarabati na haruhusiwi kuuza. Mwaka 1882 bunge likapitisha sheria iliyomruhusu mtumiaji wa maisha kuuza, kwa sharti kwamba hela iende kwa wadhamini, isiingie mfukoni mwake, iwekezwe, yeye ale faida yake tu. Halafu ikaja kodi ya mirathi ya 1894, mwanzoni kiwango cha juu kilikuwa asilimia 8, kufika 1919 kwa mali kubwa kabisa kikawa asilimia 40. Familia ikipata misiba miwili karibukaribu imekwisha.

Kwa hiyo kuuza ilishakuwa halali siku nyingi kabla ya Jock. Yeye alirithi 1914 na hakufilisika kwa sababu ya ngano wala kodi peke yake. Alipenda mbio za farasi na kamari, aliishi kwa gharama kubwa kuliko kipato, na kufika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya zile eka 34,000 ilikuwa imeuzwa kulipa madeni. Kwa maoni yangu hili ndo tukio kubwa kuliko yote maishani mwake, kubwa kuliko kesi. Ukoo umekaa na ardhi tangu enzi za Poitiers, mtu mmoja anaimaliza karibu yote ndani ya miaka ishirini na kitu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameharibika. Alimuoa Vera Boscawen mwaka 1913 wakapata mtoto wa kiume Evelyn na binti Rosamond, Rosamond akaolewa 1938 na Lord Lovat wa Scotland. Vera yeye alizunguka dunia kwenye meli ya Lord Moyne, na mwaka 1940 ndoa ikavunjwa. Mwaka huohuo Novemba, Jock ana miaka 57, akamuoa Diana Caldwell mjini Durban, dada wa miaka ishirini na kitu, na kuna makubaliano yalikuja kutajwa kwenye kesi: Diana akipenda kijana mwingine, Jock hatamzuia na atampa pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka saba. Wakaja Kenya mwezi huohuo wakapanga nyumba Karen. Na Diana kweli akapenda mwingine, Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll (yule Lord Erroll uliyemtaja, earl ni daraja la malodi), mtu wa klabu ya Muthaiga na mjumbe wa baraza la kutunga sheria la koloni.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941 Erroll akakutwa amekufa kwa risasi ndani ya Buick yake, njia panda ya barabara ya Karen na Ngong, na waliomkuta ni wafanyakazi wa gari la maziwa. Jock akashtakiwa. Wakili wake Harry Morris alitoka Johannesburg, akashika jambo moja akaling'ang'ania: upande wa mashtaka ulijenga hoja juu ya bastola ya Colt, lakini bomba la Colt lina mifuo sita inayozunguka kushoto na risasi zile zilikuwa na alama tano za kulia. Tarehe 1 Julai baraza la wazee wa mahakama, wote walowezi wazungu, likamwachia huru. Najua Karen kila mtu ana jibu lake la nani aliua. Mimi nakaa na hukumu, mtu aliyeachiwa na mahakama simwiti muuaji. Aliondoka Kenya akarudi Uingereza, na Desemba 1942 akajitoa uhai hotelini Liverpool.

Sasa angalia kifo cha yule Erroll kilivyogawa vyeo, manake hakuna mfano bora zaidi wa swali lako. Erroll aliacha mtoto mmoja tu, binti, naye anaitwa Diana. Uearl wa Erroll ni cheo cha kale cha Scotland na kanuni yake inaruhusu mwanamke, kwa hiyo binti wa miaka kumi na tano akawa Countess wa 23 wa Erroll, na wadhifa wa kurithi wa Konstebo Mkuu wa Scotland ukaja kwake. Lakini baba huyohuyo alikuwa na cheo kingine, ubaroni wa Kilmarnock (baroni ni lodi, si baroneti), na hati yake inasema wanaume tu, kwa hiyo hicho kikamruka binti kikaenda kwa baba yake mdogo, Gilbert. Mtu mmoja, kifo kimoja, vyeo viwili vikachukua njia mbili, na kilichoamua ni sentensi zilizoandikwa kabla hata hawajazaliwa.

Turudi kwa akina Broughton. Evelyn akawa Sir Evelyn, baroneti wa 12. Mke wake wa kwanza alikuwa binti wa Lord Delamere wa nne, na mwaka 1955 yule Diana wa baba yake naye akaolewa na huyohuyo Delamere, yaani aliyekuwa mama wa kambo wa Evelyn akaolewa na aliyekuwa baba mkwe wake. Ukichora mti wa koo za walowezi wa Kenya kalamu inarudi palepale kila mara. Diana alifariki 1987 na amezikwa kule Ndabibi, Naivasha.

Kwa ndoa ya pili Evelyn akapata Isabella mwaka 1958, mabinti wengine wawili, na mtoto mmoja wa kiume, John. Mwaka 1964 John akafa maji nyumbani, ana miaka miwili. Isabella alikuwa mdogo sana lakini alilibeba jambo lile maisha yake yote na aliwahi kulieleza hadharani. Ni msiba wa mtoto kwanza kabla ya kuwa habari ya urithi, ila kwa swali lako ndo ulioamua kila kitu: Evelyn hakupata mtoto mwingine wa kiume, na alipofariki 1993 mabinti wote watatu walirukwa, cheo kikapanda juu ya mti hadi kwa tawi lingine la uzao wa yule Brian wa 1661, kikashuka kwa mwanaume wa huko akawa baroneti wa 13. Isabella kuwa mtoto wa kwanza hakukusaidia chochote. Mwaka 2013 Uingereza ilibadilisha sheria ili binti wa kwanza wa mfalme asirukwe na mdogo wake wa kiume, ila mabadiliko yale ni ya kiti cha enzi tu, mabaroneti hayakuwagusa. Mimi naona si haki, nalisema wazi, lakini ndo sheria ilivyo mpaka sasa.

Mali je? Evelyn alikuwa huru kuiachia amtakaye kwa wosia, na wengi wameandika kwamba Isabella aliachiwa pauni 5,000 tu. Hiyo haikuwa kazi ya hati ya 1661, yalikuwa maamuzi ya baba. Jumba la Doddington lenyewe lilishakuwa shule ya wasichana ya bweni mpaka 1985, na akina Isabella walikulia kwenye nyumba ndogo ndani ya shamba hilohilo. Yeye akaenda kutengeneza jina lake kwenye fasheni, ndo aliyenunua koleksheni ya Alexander McQueen alipohitimu chuo na kumuinua Philip Treacy wa makofia, akafariki Mei 2007.

Utaniuliza, je kuna mtu yeyote wa nje anaweza kudai cheo na akapata? Yupo, lakini njia yake ni ngumu na iko wazi. Kuna orodha rasmi ya mabaroneti iliyoanzishwa kwa amri ya mfalme mwaka 1910, na asiyeandikwa humo hatambuliwi. Kuingia unapeleka vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, kizazi baada ya kizazi, vinaunganika bila pengo. Hata vinasaba vimeshatumika: mwaka 2016 majaji wa Baraza la Privy kule London walikubali ushahidi wa DNA kwenye ubaroneti wa Pringle wa Stichill, na cheo kikatoka tawi moja kikaenda lingine. Na aliyeshinda ni uzao wa ukoo uleule, hakununua mahali. Vyeo vipya navyo ni kama vimeisha, Denis Thatcher alipewa 1990 na kabla yake hakuna aliyepewa tangu 1964.

Kama ndani ya familia yenu kuna madai ya kweli ya damu au ya mali Uingereza, mfano babu aliyetajwa kwenye wosia, hapo ndo usibaki kwenye simu. Mkaeni na wakili mwenye leseni ana kwa ana, mbebe karatasi halisi, na muulizeni kwanza kama kuna kitu cha kudai kabla ya kulipa chochote. Mali za marehemu waliokosa warithi England na Wales serikali ya kule ilikuwa ikiziweka kwenye orodha ya bure mpaka 2025, mtu yeyote aliisoma, hakukuwa na sharti la kumlipa mtu wa kati. Wosia za England na Wales tangu 1858 nazo zinatafutwa kwa jina, nakala unalipia ada kwa ofisi yenyewe. Na kwa shemeji, kama yule mtu ameanza kumtisha au ameshapata picha ya kitambulisho chake na namba za benki, msingoje kesho, nendeni polisi wote wawili na benki wabadilishe akaunti, na akikuandikia wewe pia usimjibu.